Alimuuliza bibi yake kama alimwona Farao

Shikamoo Mwalimu,

Nina watoto wawili, wa kike ana miaka 7 na wa kiume 5. Huu ni mwaka wa pili tunawasomesha nyumbani, mimi na baba yao, ingawa nikisema kweli ni mimi. Baba yao hushika hesabu tu, jioni akirudi. Kusoma kunakwenda, hesabu zinakwenda. Kinachonishinda ni historia.

Nilipoanza niliona njia nyepesi ni vitabu vya picha. Mimi historia ya shuleni niliikariri, nikaifanyia mtihani, nikaisahau kabla matokeo hayajatoka, na sikutaka wanangu wapitie huko huko. Nikakusanya vitabu, vingine vya kuazima na vingine vya kununua, vimefika kama 30: mafarao, mabaharia, wafalme, watu waliopigania haki, safari ya mwezini. Kila siku mchana tunakaa sakafuni tunasoma kimoja. Wanavipenda. Hapo sina malalamiko.

Malalamiko yalianza alipokuja mama mkwe. Ana miaka 71 na alikuwa mwalimu maisha yake yote. Binti yangu akamkalia mapajani, akamuuliza, "Bibi, ulipokuwa mdogo ulimwona Farao?" Mimi nilicheka. Mama mkwe hakucheka. Alinitazama akasema, "Hawa watoto hawasomi, wanaangalia picha. Hadithi ni hadithi, historia ina tarehe." Neno hilo limenikaa mpaka leo, kwa sababu nahisi ana haki.

Wiki mbili baadaye tukafungua kitabu ambacho sikukipitia mapema. Ndani kuna meli, na chini ya meli watu wamefungwa minyororo. Mdogo akauliza, "Mbona wamefungwa?" Nikababaika. Nikasema, "Wanasafiri kwenda kazini, wamefungwa ili wasianguke bahari ikichafuka." Nikageuza ukurasa haraka. Dada yake hakusema neno. Usiku nikimfunika shuka akaniambia, "Mama, yule mtu alikuwa analia." Tangu siku hiyo kila kitabu nakikagua kwanza, na kurasa mbaya nazibana kwa kibanio. Sasa vibanio vimekuwa vingi na binti ameshashtuka. Akikiona tu anauliza, "Humu kuna nini?"

La mwisho ni la juzi. Tulikuwa tunasoma kuhusu Waviking, wale mabaharia wa kaskazini wenye kofia za pembe. Akanyooshea picha kidole: "Mama, huyu aliyechora alikuwepo?" Nilikuwa nimechoka, nikajibu, "Ndiyo, ndiyo maana ameweza kuchora." Huo ni uongo wa pili ndani ya mwezi mmoja, na safari hii hata sababu sikuwa nayo.

Naomba uniambie, Mwalimu. Niachane na vitabu vya picha nichukue kitabu cha kiada chenye tarehe, kama anavyotaka mama mkwe? Au historia isubiri mpaka wafike miaka 10 hivi? Na mambo mabaya niyaseme vipi? (Halafu huyu mdogo kuna kitabu kimoja tu anachokitaka, na ukurasa mmoja tu, ule wenye farasi. Kila siku ya Mungu. Hilo nalo nilifanyeje?)

Mama Wawili

*

Marahaba, Mama Wawili.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale binti anapouliza, "Huyu aliyechora alikuwepo?" Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na nimekuwa na wanafunzi wenye ndevu zao ambao hawakuwahi kuniuliza swali hilo. Walichukua kila kilichoandikwa, wakakimeza, wakakitapika kwenye karatasi ya mtihani. Wako ana miaka 7 na tayari anamdai mchoraji ushahidi. Kwa hiyo wazo la kuviacha vitabu vya picha liweke kando. Picha ndiyo iliyomfikisha kwenye swali.

Jibu ulilompa, hata hivyo, itabidi ulirudie, na una bahati: safari hii ukweli ni mtamu kuliko uongo. Aliyechora hakuwepo, na zile pembe nazo hazikuwepo. Haijafukuliwa hata kofia moja ya Waviking yenye pembe. Iliyo kamili kuliko zote ilipatikana Gjermundbu, nchini Norway, mwaka 1943: ni ya chuma, ya mviringo, ina kinga ya macho mithili ya miwani, na juu ni kipara. Pembe zilienezwa sana na jukwaa. Mwaka 1876 huko Bayreuth, Ujerumani, zilipoonyeshwa opera za Richard Wagner, mbunifu wa mavazi Carl Emil Doepler aliwavika baadhi ya waigizaji kofia zenye pembe. Picha zikapendeza, wachoraji wa vitabu wakaziiga, na mpaka leo wanaiga. Kati ya Waviking wenyewe na jukwaa lile kuna zaidi ya miaka 800.

Basi kaa na binti, mwambie hivi: "Juzi uliniuliza kama aliyechora alikuwepo, nikasema ndiyo. Sikuwa najua, nilijibu tu. Nimetafuta, kumbe hakuwepo, na amekosea jambo moja kwenye picha hii. Hebu litafute." Mwache ahangaike. Akizipata pembe hatazisahau, na kila kitabu atakachofungua baada ya hapo ataanza kwa kumkagua mchoraji. Hiyo ndiyo kazi ya historia, hata ikifanywa na mtu ambaye bado anapoteza viatu vyake kila asubuhi.

Ukitaka kuliendeleza hilo, nina wanyama wawili ninaowapenda kwa kazi hii.

Wa kwanza ni twiga. Mwaka 1414 mtawala wa Bengal alimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga, na mwaka uliofuata twiga mwingine akapelekwa kutoka Malindi. China hakukuwa na twiga. Wakubwa wa ikulu wakaamua kwamba huyu ni qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao za kale, na yule wa kwanza akachorwa akiwa na mtu amemshika kamba. Mchoro huo hutajwa kuwa wa Shen Du, aliyekuwa ofisa wa ikulu hiyo. Shingo ndefu ipo, miguu mirefu ipo. Ukimwona unasema huyu ni twiga.

Wa pili ni kifaru. Mei 1515 meli ilimshusha Lisbon kifaru kutoka India, na Ulaya ikapagawa, maana kifaru hai hakuwa ameonekana huko tangu enzi za Warumi. Mtu mmoja akaandika barua yenye maelezo na mchoro wa harakaharaka, barua ikafika Nuremberg, Ujerumani, ikamfikia mchoraji stadi Albrecht Dürer. Dürer hakuwahi kumwona mnyama huyo. Alichora kwa kusikia, picha ikachongwa kwenye ubao, ikachapwa nakala nyingi. Kifaru wake amevaa ngozi kama deraya ya askari, vipande vimeunganishwa kana kwamba kuna fundi aliyepigilia misumari. Miguu ina magamba. Na juu ya mabega amechomoza kipembe cha pili kisichokuwepo kwa kifaru yeyote duniani. Kwa karne mbili na zaidi watu wa Ulaya waliamini kifaru yuko hivyo. Kifaru mwenyewe alizama na meli mapema mwaka 1516 akipelekwa kwa Papa, hivyo hakupata nafasi ya kujitetea.

Tafuta picha hizo mbili uziweke sakafuni, na pembeni uweke picha za kamera za twiga na kifaru. Usifundishe chochote. Uliza tu: "Nani alimwona mnyama wake, nani aliambiwa?" Mkubwa atajibu kwa hoja. Mdogo atahesabu pembe. Wote wawili watakuwa wamefanya historia, na tarehe mbili, 1414 na 1515, zitakuwa zimepita mlango wa nyuma bila mtu kukariri.

Kwa mama mkwe sasa. Umesema unahisi ana haki. Ana nusu. Kwamba picha ni kitu cha kuchezea, hapo hapana. Mwaka 1658 mwalimu mmoja wa Moravia (sehemu ya Czech ya leo), Jan Amos Comenius, alichapisha kitabu cha watoto chenye picha kila somo, huku kila kitu kwenye picha kikiwa na namba inayokwenda na jina lake. Alishika kwamba mtoto aone kwanza, neno lifuate. Kitabu chake kilitumika mashuleni kwa vizazi na vizazi. (Kilichapwa Nuremberg pia, mji ule ule wa Dürer na kifaru chake. Mambo haya hunifurahisha peke yangu, niwie radhi.)

Nusu aliyo nayo mama mkwe ni hii: mtoto aliyesoma vitabu 30 visivyo na mpangilio ana vipande 30 vinavyoelea. Farao, mwezi, meli, mfalme, vyote viko mahali panapoitwa "zamani", na bibi naye kwa mtoto anakaa huko huko zamani. Swali la Farao lilikuwa la akili kabisa. Alikuwa anajaribu kujua zamani ya bibi inaishia wapi na ya Farao inaanzia wapi, na hakuna aliyemwonyesha.

Mwonyeshe kwa kamba. Chukua mpira wa uzi mnene na rula, mkubaliane kwamba sentimita 1 ni mwaka 1. Ncha ya uzi ni leo. Mdogo apime sentimita 5, abane kibanio na kikaratasi chenye picha yake. Dada yake 7. Mama na baba mtajua wenyewe mko wapi. Kisha mpeni bibi uzi, apime mwenyewe sentimita zake 71. Watoto watashangaa kwamba mtu mzima yule wote ameenea kwenye urefu usiofika hata mita moja. Hapo ndipo muanze kumtafuta Farao. Dürer na kifaru chake wako kama mita 5 kutoka leo, twiga wa China mita 6 na kidogo. Waviking wa mwisho wanakaribia mita 10. Uzi unavuka sebule, unaingia ukumbini. Kleopatra, malkia wa Misri aliyekufa mwaka 30 kabla ya Kristo, yuko kama mita 20. Khufu, yule wa piramidi kubwa la Giza, yuko kwenye mita 45, na kama nyumba yenu ni ya kawaida basi yuko nje, tena mbali. Watembee. Waende kwa miguu mpaka kwa Farao, wakifika wageuke wamtazame bibi mlangoni. Hakuna maelezo yatakayoshinda mwendo huo.

Na ukiwa hapo nje, kwa adabu zote, muulize mama mkwe Kleopatra yu karibu na nani zaidi, na sisi au na waliojenga piramidi. Walimu wengi tunakosea hapo kwa sababu Misri yote tumeitia kwenye kapu moja. Uzi haukosei: kutoka kwetu hadi kwake ni mita 20 na kidogo, kutoka kwake hadi kwa Khufu ni mita 25. Binti akitaka kujua dinosaria wako wapi, piga hesabu na baba yao jioni: miaka milioni 66 ni sentimita milioni 66, yaani kilomita 660. Hapo uzi ukunjwe.

Baada ya siku hiyo, kila kitabu mtakachosoma kiache kibanio kimoja kwenye uzi, chenye tarehe moja na picha moja ndogo waliyochora wao. Moja tu. Vitabu 30, vibanio 30. Mama mkwe akija tena atazikuta tarehe zake, zimepangwa kwa mfuatano, na wajukuu wanajua ipi iko mbele ya ipi. Tena usimwache akae kama mkaguzi; mpe kazi. Yeye ndiye mtu pekee ndani ya nyumba hiyo anayeweza kujibu "ndiyo, nilikuwepo" bila kusema uongo. Alete picha zake za zamani, watoto wamuulize alisomea wapi, alivaa nini, nani aliipiga picha hii na kwa nini huyu amenuna. Mwalimu aliyestaafu akiulizwa maswali ya namna hiyo husahau kwamba alikuja kulaumu.

Nije kwenye meli, ambako najua ndiko moyo wako uliko.

Kuna kurahisisha, na kuna kudanganya. Tunaowafundisha wadogo tunarahisisha mchana kutwa na hatuna budi. Ukisema piramidi lilijengwa na watu wengi sana kwa miaka mingi, umerahisisha. Siku moja ataongezewa kwamba waliofukua Giza walikuta makazi ya wafanyakazi, sehemu za kuokea mikate, makaburi yao karibu na piramidi, na mifupa iliyovunjika ikaungwa vizuri, maana yake walikuwa na watu wa kuwatibu. Jipya litakaa juu ya la zamani bila kulibomoa. Lakini ukisema lilijengwa na watumwa waliochapwa mijeledi, kama vitabu vingi vya picha vinavyoonyesha, siku moja itabidi avunje ndipo ajenge. Jibu lako la meli liko upande huo wa pili. "Wanasafiri kwenda kazini" halina mahali pa kuongezewa chochote.

Kwa hiyo livunje wewe mwenyewe, mapema. Usisubiri kitabu kingine kikuumbue. Kifungue ukurasa ule ule, mchana, si usiku wakati wa kulala, useme kwa maneno machache: "Nilikwambieni watu hawa wanasafiri. Si kweli. Niliogopa kuwaambia. Watu hawa waliibwa kwao, wakafungwa, wakauzwa, wakafanyishwa kazi bila malipo. Lilikuwa jambo baya sana, lilidumu miaka mingi. Na kulikuwa na watu waliolipinga, wa kwanza wakiwa hao hao waliofungwa." Halafu nyamaza. Usijaze ukimya kwa maelezo. Wakiuliza, jibu lile waliloliuliza tu. Wasipouliza, funga kitabu mkacheze. Wataliuliza kesho kutwa wakiwa wanaoga, ndivyo walivyo.

Unajua binti aliona nini? Hakusema "watu walikuwa wanalia". Alisema yule mtu. Katika picha nzima aliona mmoja. Hapo ndipo pa kuanzia na watoto wa umri huu, kwa mtu mmoja mwenye uso na jina. Hesabu zinakadiria kwamba Waafrika milioni 12 na nusu walipakiwa kwenye meli za Atlantiki, lakini kwa mtoto wa miaka 7 milioni ni neno tu kama vile "nyingi". Mpe Olaudah Equiano. Katika kitabu chake kilichotoka London mwaka 1789 anasimulia jinsi alivyoibwa nyumbani akiwa na miaka kama 11, pamoja na dada yake, kisha wakatenganishwa. Mwaka 1766 alijinunulia uhuru wake kwa pesa alizokusanya mwenyewe, na baadaye akaandika na kuzunguka akiipinga biashara ile. Wapo wanahistoria wanaobishana kuhusu alikozaliwa. Hilo ni lako wewe kwa sasa, la binti litakuja.

Utakutana pia na ule mchoro maarufu wa Brookes, meli ya kubebea watumwa, uliochapwa kwanza Plymouth, Uingereza, mwaka 1788, watu wamelazwa wamebanana kama vijiti vya kiberiti. Mchoro ule ulitolewa na wapinzani wa utumwa ili uwashtue watu wazima, na ulifanya kazi yake. Watu wazima, nimesema. Ubane ukurasa huo kwa kibanio na usione haya.

Maana vibanio vyenyewe havina kosa. Kosa ni kuvibandika kimyakimya. Binti akiuliza "Humu kuna nini?" mwambie: "Kuna jambo la huzuni kuhusu vita. Tutalisoma ukifika miaka 9." Umemwambia ukweli, umempa na tarehe ya kusubiri. Na kukagua kitabu kabla ya kusoma, hilo endelea nalo hata kama wangekuwa na miaka 15.

Ukitafuta namna ya kuwaonyesha ubaya bila kuwatia jinamizi, tafuta habari za mtoto wa rika lao. Mimi hupendelea ile ya Ruby Bridges. Tarehe 14 Novemba 1960, huko New Orleans, Marekani, akiwa na miaka 6, aliingia shule ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa ya watoto weupe peke yao, akilindwa na maofisa wa serikali, huku watu wazima nje wakimzomea. Wazazi wengine waliwaondoa watoto wao, na mwaka ule mzima alifundishwa peke yake darasani na mwalimu mmoja. Wanao, wanaosomeshwa na mama yao nyumbani, watakielewa kile chumba chenye mwanafunzi mmoja kuliko mtoto yeyote wa shule.

Zipo picha za kamera za siku zile, na upo mchoro wa Mmarekani Norman Rockwell uliotoka gazetini Januari 1964. Waulize: "Mbona hawa maofisa hawana vichwa?" Rockwell amewakata mabegani, kwa kuwa amechora kwa kimo cha mtoto, anayeonekana mzima ni msichana tu. Yeye hakuwepo siku ile, sawasawa na mchoraji wa Waviking, ila huyu alichagua cha kuonyesha na cha kuficha kwa makusudi. Ukifika hapo na binti wa miaka 7 umefika mbali. Na mnapokwenda kumbana Ruby kwenye uzi, mtamkuta yuko pale pale anapoanzia bibi. Alizaliwa mwaka 1954; ni rika moja. "Bibi, ulimwona Farao?" itageuka kuwa "Bibi, mwaka huo wewe ulikuwa wapi?"

Kuhusu kusubiri mpaka miaka 10, sioni faida. Ila usifundishe kila siku. Vitabu viwili kwa wiki vinatosha, kimoja kisomwe mara tatu kuliko vitatu mara moja. Baada ya kusoma usiwape maswali ya mtihani. Mwambie mkubwa akusimulie upya kwa maneno yake, nawe usimkatishe hata akikosea. Mwingereza Charlotte Mason, aliyefariki mwaka 1923, alijenga ufundishaji wake mzima juu ya jambo hilo, na alishauri mtoto asilazimishwe kusimulia kabla ya miaka 6. Kwa hiyo mdogo wako yuko huru bado. Akitaka kudakia, adakie.

Unapoazima kitabu kipya, anzia mwisho. Mara nyingi kurasa za nyuma ndizo zenye maneno ya mwandishi kwa wakubwa: kipi ni cha kweli, kipi amekibuni, maneno ya mdomoni kayatoa wapi. Kitabu kisicho na ukurasa huo si lazima kiwe kibaya, lakini kisome mkono ukiwa kiunoni. Na ukiweza, pata viwili vinavyomhusu mtu mmoja huyo huyo. Vikipingana, usihangaike kutafuta kipi kimekosea kabla hujawaita watoto.

Na huyu wa farasi. Mwache na farasi wake. Siku moja, akishatosheka kumtazama, muulize aliyempanda anakwenda wapi. Akisema hajui, geuzeni ukurasa pamoja. Akisema "kwa Farao", mtoeni nje na uzi wake, na farasi aende naye.